Vidonge vya Meneja

Simu iliita wakati Mapazia amepiga magoti chini ya cherehani, akivuta mpira wa mbwa ulionasa kwenye kanyagio.

"Mpenzi," Barafu alisema, na sauti yake tu ilitosha kumwambia kuna jambo. Mwanamume huyu alipokuwa na habari njema alianza kwa kucheka. "Usishtuke. Mama hataki tena kungoja Jumapili. Anakuja kukuona leo."

"Leo hii?"

"Tuko njiani. Yumo garini na Njiwa. Nimejifanya nashuka kununua maji ili nipate kukunong'oneza."

"Barafu, unataka kuniua! Nyumba haitazamiki!"

"Ficha vitu vya Meneja tu, mengine nitayasemea mimi. Nakupenda. Ananitazama huyo, kwaheri!"

Simu ikakatika. Mapazia akabaki na mpira mkononi.

Jina hilo la Mapazia alipewa na Barafu mwenyewe, siku ya kwanza alipokuja kumtengenezea friji. Alimkuta mwanamke amezungukwa na majora ya vitambaa vya mapazia, pini zimemjaa mdomoni, hawezi hata kuitikia hodi. Na yeye fundi wa friji angeitwa nini tena kama si Barafu? Nyuma ya friji ile alitoa soksi, bakuli la mbwa na panya wa plastiki wa kuchezea paka, akavipanga sakafuni, kisha akauliza kwa upole, "Dada, friji ni yako au ya hawa?" Mapazia alicheka nusura ameze pini. Tangu hapo fundi akawa anarudi hata friji ilipokuwa nzima.

Barafu alikuwa mgane. Mkewe alifariki binti yao Njiwa akiwa bado ananyonya, na mtoto akalelewa na mama yake Barafu, mwalimu mstaafu wa chekechea, mwanamke mwenye miwani iliyoning'inia kifuani na macho yasiyohitaji miwani hiyo. Yeye ndiye aliyekuwa kikwazo. "Mwanamke mwenye mbwa ndani na paka kitandani," alikuwa akimwambia mwanawe, "atamlaza wapi mjukuu wangu?" Barafu alimbembeleza kwa miezi hadi akakubali angalau kuja kuiona nyumba yenyewe kwa macho yake.

Na sasa alikuwa njiani.

Mapazia akageuka kuitazama sebule yake kana kwamba anaiona kwa mara ya kwanza. Lo! Gunia la chakula cha mbwa limeegemea friji, mdomo wazi. Kamba ya kumtembezea Meneja inaning'inia kwenye kitasa cha chumbani. Shampuu ya viroboto iko kando ya sabuni ya vyombo, zinafanana kama mapacha. Kichana cha kupe kimo kati ya mikasi yake ya kazi. Mfuko wa mchanga wa paka umekaa kwenye kiti cha mgeni kama mgeni mwenyewe. Yeye hakuwahi kupata shida. Kila kitu alikijua kilipo, ramani yote iko kichwani mwake. Lakini ramani ya kichwani haionyeshwi kwa mama mkwe.

Katikati ya haya yote alilala Meneja, mbwa mzee wa rangi ya majivu, aliyeitwa hivyo kwa tabia yake ya kukaa mlangoni asubuhi kama anayekagua wafanyakazi waliochelewa. Alikuwa na kifafa. Asubuhi na jioni ilibidi ameze kidonge, la sivyo angeanguka na kutapatapa hadi Mapazia naye atetemeke.

"Inuka, bosi," Mapazia alimwambia. "Leo tunakaguliwa sisi."

Akaanza kazi. Na kama tufanyavyo wengi wetu mgeni akiwa mlangoni, hakupanga, alificha. Shampuu akaitosa kwenye beseni la nguo chafu. Kamba na kichana akavivingirisha ndani ya jora la satini. Mchanga ukaenda chini ya kitanda. Mkono ukafika dirishani, kwenye kichupa cha vidonge. Meneja alikuwa amekitafuna kifuniko juzi, kikabaki na meno meno, kibaya kutazama. Akamimina vidonge kwenye kopo la bati la peremende lililochorwa maua ya waridi, akaliweka kwenye rafu ya chini kando ya kochi. Likapendeza. Likawa kama pambo. Kile kichupa kitupu alikitia mahali, hata hakuangalia wapi, kwa kuwa gari lilikuwa linapiga honi nje naye bado amevaa aproni yenye nyuzi. Akaivua, akaitupa, akavaa gauni la kijani analolipenda Barafu, akafungua mlango huku akihema.

"Karibu, mama. Shikamoo."

"Marahaba." Mwalimu alisimama kizingitini, akavuta hewa puani. "Mbona hakunuki?"

"Mama!" Barafu akasema.

"Nauliza tu. Nilijiandaa kwa banda."

Njiwa aliwapita wote chini ya mikono yao. Alikuwa hajatimiza miaka mitano, akitembea kifua mbele kama njiwa anayedai njia, na hakuwa na habari na wakwe wala ukaguzi. "Meneja yuko wapi? Anti, Meneja ananikumbuka?"

"Anakukumbuka, mama. Yuko kwenye zulia lake pale. Mshike mgongo taratibu."

Wakaketi. Mwalimu aliuliza maswali kama anayesahihisha daftari: wazazi wako wapi, kanisani au msikitini huendi kwa uvivu au kwa kazi, cherehani hizi ni zako au za kukodi, ukiumwa nani anakupikia. Mapazia alijibu huku jasho likimtambaa mgongoni. Aliogopa paka asitoke na jambo. Aliogopa jora la satini lisifunguke. Kila Mwalimu alipogeuza shingo, naye roho ilimgeuka.

Lakini, polepole, uso wa yule mama ulianza kulegea. Alishika pindo la pazia la dirishani, akaligeuza kuangalia ndani, pale ambapo mshonaji mvivu hujificha.

"Hili umeshona kwa mkono?"

"Pindo la ndani, ndiyo, mama. Mashine hulivuta."

"Hm." Akalitazama tena. "Mikono unayo. Na nyumba ni safi, siwezi kusema uongo." Akamgeukia mwanawe. "Naona tulikuogopea bure. Nikirudi nitazungumza na ami zako."

Barafu alimtazama Mapazia. Halikuwa jicho la wizi kama siku zote. Lilikuwa jicho la mtu aliyetua mzigo, linang'aa kwa unyevu, na ndani yake Mapazia aliona miaka iliyokuwa ikimngoja: kitanda kimoja, meza moja, kelele za mtoto asubuhi. Akainuka kwenda kuleta chai ili asilie mbele ya watu.

Aliporudi na sinia, Njiwa alikuwa amejilaza kwenye mapaja ya baba yake, miguu inaning'inia.

"Leo imekuwaje?" Barafu alisema. "Hajawahi kulala mchana tangu aanze shule."

"Safari hiyo," Mwalimu akajibu. "Na joto. Mtoto akichoka huanguka kama gunia, nimewaona wengi. Mwache alale."

Mapazia aliinama kuweka sinia. Ndipo alipokiona, kwenye zulia, kando ya mkia wa Meneja: kifuniko cha bati, chenye maua ya waridi.

Akachutama taratibu, akanyoosha mkono nyuma ya mguu wa kochi, akalipata kopo. Vidonge vilikuwemo. Lakini alikuwa amemimina hadi karibu na ukingo, na sasa aliona hadi kitako cha kopo.

Hakuna aliyekuwa akimwangalia. Barafu alikuwa anampangusa mwanawe jasho la paji. Mwalimu alikuwa anatia sukari, anatabasamu peke yake. Na moyoni mwa Mapazia kikapita kitu ambacho baadaye kilimtisha kuliko mengine yote. Huenda vimemwagika tu. Huenda mtoto amechoka kweli. Lirudishe kopo, funika, mimina chai. Wazo hilo halikudumu zaidi ya pumzi moja, lakini lilikuwa na sauti, na sauti ilikuwa yake mwenyewe.

"Msimwache alale!" akapiga kelele.

Kijiko kikaanguka.

"Mwamshe, Barafu! Mwamshe sasa hivi! Njiwa, mama, nitazame. Nitazame Anti. Umekula hizi?"

Mtoto akafungua macho kwa taabu. Yalikuwa yanaelea kama macho ya mlevi. "Nimempa Meneja moja," akasema kwa ulimi mzito. "Mimi nimekula... nyingi. Tamu. Halafu chungu."

"Amekula nini?" Barafu alikuwa tayari amesimama. "Mapazia! Amekula nini?"

"Dawa. Dawa ya Meneja. Ya kifafa. Wameipaka utamu ili mbwa asiiteme."

Mwalimu alitamka neno baada ya neno.

"Dawa ya mbwa. Ndani ya kopo la peremende."

Barafu alikwishatoka mbio na mtoto begani, kichwa cha Njiwa kinaruka ruka, kiatu kimoja kimebaki mlangoni. Mapazia akawafuata hadi kwenye gari akiwa na kopo mkononi. Mwalimu akamnyang'anya kopo hilo, akaingia nyuma, akampakata mjukuu wake. Mapazia aliposhika mlango naye aingie, Mwalimu akauvuta ukafunga.

"Jina la dawa!" Barafu alimfokea kupitia dirishani, akiwasha gari. "Wataniuliza! Inaitwaje?"

"Jina refu... limeandikwa kwenye kichupa, na nguvu yake pia, kila kitu—"

"Kiko wapi?"

Mapazia alifungua mdomo. Ile ramani ya kichwani mwake ilikuwa nyeupe kabisa.

"Sijui nimekiweka wapi."

"Hujui?"

Hakulitamka kwa hasira. Alilitamka kwa hofu, na ndiyo maana lilimkata zaidi. Gari likaondoka.

Alirudi ndani akikimbia. Akampigia daktari wa mifugo. Simu haikupatikana, kwani yule mtu siku nyingi hushinda kwenye mazizi ya mbali. Akaanza kubomoa kila alichokipanga. Akamwaga beseni la nguo chafu: shampuu, soksi, brashi. Akalikunjua jora la satini la mteja sakafuni, kamba ikadondoka, kichana kikadondoka, kichupa hakuna. Akaingia chini ya kitanda, akatoka na mchanga kwenye nywele. Akapekua makabati, nyuma ya redio, ndani ya sufuria. Akaingiza mkono hadi begani kwenye gunia la chakula cha mbwa akapapasa, akapapasa, akaishia kulimwaga lote sakafuni. Meneja alimfuata nyuma akitikisa mkia, akidhani ni mchezo.

"Niache!" akamlilia. "Niache, Meneja, nimemuua mtoto wa watu!"

Simu ikaita. Ilimponyoka mara ya kwanza, akaipokea ya pili.

"Umekipata?"

"Bado."

"Anapumua polepole." Sauti ya Barafu ilikuwa imekauka. "Nikimwita haitiki tena. Daktari anasema vidonge ni vyeupe tu, havina alama, vinaweza kuwa dawa yoyote. Anataka jina. Mapazia, anataka jina!"

"Natafuta, Barafu. Natafuta, haki ya Mungu natafuta."

"Tafuta haraka." Kisha, kwa sauti ndogo aliyokuwa hajawahi kuisikia kwake: "Tafadhali."

Akaketi sakafuni katikati ya chakula cha mbwa. Akajilazimisha kufumba macho. Dirishani. Kopo. Honi. Mkono wa kulia umeshika kopo, wa kushoto umeshika kichupa. Halafu mlango. Halafu gauni. Kabla ya gauni nilivaa nini?

Aproni.

Aliikuta nyuma ya mlango wa bafu, imeanguka kwenye maji. Mfukoni, kati ya pini na chaki ya kuchoria kitambaa, kichupa kilikuwa kimetulia hakina hili wala lile. Wino ulikuwa umeanza kuchuruzika, lakini jina lilisomeka. Akalisoma kwenye simu herufi kwa herufi, Barafu akirudia kila moja kwa kelele kwa mtu wa pembeni. Kisha akatoka nje pekupeku, akapanda pikipiki ya kwanza iliyosimama, kichupa amekibana ngumini kama roho ya mtu.

Daktari alikuwa mwanamke mwembamba mwenye sauti ya chini. Alikichukua kichupa, akakiinua kwenye mwanga, akaitikia kwa kichwa mara moja. "Ndiyo hii. Umefanya vizuri kukileta. Nilihitaji kuona kilikuwa na ngapi." Akarudi nyuma ya pazia la hospitali, pazia baya la kijani lililoshonwa ovyo. Mapazia alilikodolea macho pindo lake kwa sababu hakuwa na ujasiri wa kutazama kitu kingine.

Barafu alikuwa ameegemea ukuta wa korido. Shati lake lilikuwa na doa jeusi la dawa ya mkaa, ya kunyonya sumu, waliyomnywesha Njiwa kabla hajazimia kabisa. Mapazia akamsogelea, akanyoosha mkono. Mkono ukabaki hewani.

"Usiniguse," akasema Barafu. "Si kwamba nakuchukia. Ukinigusa nitaanguka."

"Nisamehe."

"Kopo la peremende, Mapazia. Mtoto wa miaka minne."

"Ulisema nifiche. Nilikuwa naogopa. Mama yako—"

"Usimtaje mama yangu! Mara ngapi nimekuona unaokota kidonge chini ya cherehani, unapangusa kwenye gauni, unamrushia mbwa? Nikacheka. Nikajisemea, huyu ndiye mwanamke wangu, hana makuu." Akajipiga kichwa ukutani, taratibu, kama anayebisha hodi. "Nimemzika mama yake. Unajua jeneza la mtu mzima lilivyo zito? Sasa nimekaa hapa napima la mtoto kichwani. Rudi nyumbani, Mapazia. Rudi. Siwezi kukuangalia."

Mapazia alitaka kwenda, alitaka kubaki, alitaka ardhi ifanye uamuzi. Ndipo sauti ikatoka kwenye benchi nyuma yao.

"Hatarudi popote."

Mwalimu alikuwa amekaa na kiatu kimoja cha Njiwa mapajani, kile kilichobaki mguuni. Miwani ilikuwa imevunjika kamba, ameishika mkononi. Kwa mara ya kwanza alionekana mzee.

"Mama, tafadhali, si sasa."

"Ni sasa. Nani alisema mwache alale?" Alimtazama mwanawe bila kupepesa. "Mimi. Nilijisifu kwamba watoto nimewaona wengi. Ningemfunika khanga, ningekunywa chai yangu, na mjukuu wangu angefia mapajani pako tukiongea habari za ami zako. Huyu ndiye aliyepiga kelele. Na alijua anachopoteza. Nilikuwa nimetoka kumkubali wakati huo huo. Nilimwona usoni alivyofurahi. Wangapi wangenyamaza?"

Mapazia akaanza kulia kwa sauti. "Nilitaka kunyamaza, mama. Kidogo tu. Nilifikiria."

Mwalimu alimgeukia.

"Basi umeniambia na hilo," akasema. "Kaa hapa."

Akasogea kwenye benchi. Mapazia akakaa. Hawakushikana mikono. Barafu alibaki ameegemea ukuta upande wa pili, na wote watatu wakalitazama lile pazia. Kila liliposukumwa na upepo wa mtu anayepita, mioyo mitatu iliruka. Muuguzi alitoka akikimbia, akarudi na mtungi wa hewa unaobururwa kwenye magurudumu. Barafu alichuchumaa pale ukutani. Mapazia alijikuta anahesabu mishono ya pindo lile baya, akipotea, akianza tena, kwa sababu aliamini kabisa kwamba akiacha kuhesabu, mtoto ataacha kupumua.

Jua lilikuwa linashuka daktari alipotoka. Alivua glavu kwanza. Mapazia alimchukia kwa glavu zile.

"Anapumua mwenyewe," daktari akasema. "Atalala sana, na leo halali nyumbani. Lakini ameniambia kitu, kwa hiyo akili iko mahali pake."

"Amesema nini?" Barafu aliuliza, sauti imekatika.

"Ameuliza kama Meneja naye amedungwa sindano. Meneja ni nani, mjomba wake?"

Mwalimu alitoa sauti ambayo ilianza kama kicheko na kuishia kwenye khanga yake. Barafu alipita mlangoni bila kugeuka nyuma.

Siku zilizofuata hakupiga simu. Mwalimu alituma ujumbe mmoja tu: mtoto ametoka, anakula. Mapazia aliusoma hadi ukamkaa kwenye kope. Hakushona. Usingizi ulimjia kwa vipande, na kila kipande kilikuwa na kifuniko cha bati ndani yake. Alijua kwamba kusamehewa na mama si kupendwa na mwana. Mtu anaweza kukushukuru kwa kupiga kelele, na bado asitake kulisikia tena jina lako.

Asubuhi moja alitoa nje kila kitu cha wanyama wale, akakitandaza barazani. Vilikuwa vingi kuliko alivyodhani. Alikuwa ameketi katikati yake, ameshika sahani ya paka, hajui aanzie wapi, gari la mafriji lilipoingia uani.

Barafu akashuka. Alikuwa amekonda. Hakusalimia. Alifungua mlango wa nyuma, akatoa kabati dogo la chuma, la kuning'iniza ukutani, kisha ndoo kubwa yenye mfuniko wa kukaza, misumari na drili.

"Utaweka wapi?" akauliza.

"Nini?"

"Kabati. Nataka juu, nisipofika mimi bila kiti."

"Barafu..."

"Nikianza kuongea nitalia, na nikilia sitoboi ukuta sawasawa. Niambie wapi."

Akamwonyesha. Drili ililia, vumbi likamwagika, Meneja akabweka kulikemea. Kisha wakakaa chini wote wawili wakaanza kuchambua. Chakula kikaingia kwenye ndoo. Kamba zikapata msumari wake nyuma ya mlango wa nje. Shampuu na brashi zikahamia kwenye kikapu karibu na bomba la uani, mbali na vyombo vya watu. Mchanga wa paka ukapata kona yake. Dawa zote, kila moja kwenye chupa yake yenye maandishi, zikapanda kwenye kabati la chuma.

"Mama anasema uandike majina kwa herufi kubwa," Barafu alisema. "Na anasema nikwambie kwamba yeye bado hampendi mbwa."

"Ni haki yake." Mapazia alikuwa anakunja kitambaa kisichohitaji kukunjwa. "Nilimtafutia Meneja pa kwenda. Kuna mzee anakaa peke yake, yuko tayari kumchukua. Nisingetaka Njiwa aje tena hapa akute..."

"Njiwa analia kila siku anamtaka. Umtoe, halafu nimwambie nini? Kwamba ameadhibiwa kwa kosa letu?" Akaikaza ndoo mfuniko. "Nilisema maneno mabaya pale hospitalini."

"Yalikuwa kweli."

"Yalikuwa kweli, na yalikuwa ya uoga. Nilipokuambia urudi nyumbani, nilikuwa naomba usinisikie."

Mapazia alimtazama. "Mimi bado naogopa, Barafu. Nikisikia mtoto wa jirani amenyamaza, nachungulia. Sijui kama nitaweza kuwa na mtoto ndani ya nyumba. Sijui kama unapaswa kuniamini."

"Na mimi naogopa. Usiku naamka kusikiliza kama anapumua." Akasogea karibu, akaitoa sahani ya paka mkononi mwake, akaiweka chini, akaushika mkono ule kwa mikono yake yote miwili iliyojaa vumbi la ukuta. Safari hii hakuanguka. "Nimeona heri tuogope wawili, nyumba moja. Peke yangu nimechoka."

Mapazia alificha uso begani kwake. Alimsikia moyo ukienda mbio kama wake, wakakaa hivyo hadi Meneja alipokuja kujibana kati yao akidai nafasi.

Barafu akainuka kulifunga lile kabati. Akalijaribu mara mbili, akavuta, halikufunguka. Funguo zilikuwa mbili. Mmoja akamtilia Mapazia kiganjani, wa pili akautia kwenye pete ya funguo zake, pamoja na wa gari na wa nyumba ya mama yake.

"Wewe wa nini?" Mapazia akauliza. "Huishi hapa."

"Bado," akasema Barafu, akaukaza vizuri usije ukachomoka.